Kwa nini riwaya za vyama vya siri zinasomwa kama vitabu vya historia?

#1 Mwalimu_Isevya (Tabora)

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha historia sekondari hapa Tabora, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na rafu moja nyumbani ambayo wanafunzi na majirani huazima vitabu bila malipo. Vitabu ambavyo havikai rafuni hata wiki moja ni vya Dan Brown, vile vya Robert Langdon, profesa wa alama wa Harvard anayekimbia usiku kucha kati ya makanisa na makumbusho huku akifumbua mafumbo. Nakala yangu ya The Da Vinci Code imepita mikono mingi hadi jalada lake nimelishona kwa uzi wa gunia.

Kilichonileta ni insha ya kijana mmoja wa kidato cha tatu. Aliandika, kwa mwandiko safi na bila wasiwasi wowote, kwamba chama kiitwacho Priory of Sion kilianzishwa mwaka 1099 na kwamba Leonardo da Vinci aliwahi kuwa mkuu wake. Nilipomwita akanifungulia kitabu kwa heshima na kunionyesha ukurasa unaotangulia hadithi, ambapo mwandishi ameweka kichwa kinachotangaza kwamba yafuatayo ni mambo ya kweli, na chama hicho kimetajwa cha kwanza. Palepale sikuwa na la kumjibu.

Kijana huyu ni mwerevu. Hajawahi kuamini kwamba sungura alimdanganya fisi kwa maneno, na anajua kabisa kwamba riwaya ni riwaya. Dai langu ni kwamba kosa lote ni la ukurasa ule mmoja, na kwamba ukiung'oa, kitabu kinarudi kuwa hadithi. Ninyi mnaonaje?

#2 Mwisho_wa_Reli (Kigoma)

Ahsante kwa uzi, Mwalimu, lakini dai lako silikubali. Mimi kile cha chama cha siri cha Illuminati, Angels & Demons, nilikisoma ndani ya treni kutoka Kigoma kuja huko kwenu, na ukurasa wa mwanzo niliuruka kama watu wengi wanavyoruka dibaji. Hata hivyo niliposhuka Tabora nilikuwa naamini kwamba Galileo alikuwa mwanachama wa Illuminati.

Kilichonikamata ni mwendo. Sura ni fupi mno, nyingine kurasa mbili au tatu tu, na kila moja inakatwa pale mtu anaposhika kitasa cha mlango. Msomaji hapati nafasi ya kujiuliza kama aliyoyameza sura iliyopita ni kweli, kwa kuwa roho yake yote iko nyuma ya mlango ule. Tena kisa kizima kinaanza na kwisha ndani ya muda wa siku moja hivi, kwa hiyo wewe na profesa mnakosa usingizi pamoja. Kwangu mimi kitabu hicho cha pili ndicho bora kuliko vyote.

#3 Mtunza_Rafu (Kanyenye, Tabora)

Marekebisho kwa ndugu yangu wa Kigoma. Angels & Demons ndicho cha kwanza, kilitoka mwaka 2000. Wengi tulikiona baadaye kwa sababu The Da Vinci Code cha mwaka 2003 ndicho kilichokivuta kutoka gizani. Vilivyofuata ni The Lost Symbol (2009), Inferno (2013), Origin (2017) na The Secret of Secrets (2025). Jumla ni sita.

Kuhusu Galileo, alifariki mwaka 1642. Illuminati ilianzishwa tarehe 1 Mei 1776 mjini Ingolstadt, Bavaria (leo ni sehemu ya Ujerumani), na Adam Weishaupt, aliyekuwa akifundisha sheria katika chuo kikuu cha huko. Kati ya kifo cha mmoja na kuzaliwa kwa chama cha mwingine kuna miaka 134.

#4 Mwisho_wa_Reli

Nimesahihishwa, dada, na nimepokea. Watu wa Tabora hamkosi kalamu nyekundu. Ila umeniongezea hoja: mwaka wa kifo cha Galileo niliufahamu tangu shule, na bado mwendo wa kitabu ulinipitisha juu yake kama treni inavyopita stesheni ndogo bila kusimama.

#5 Mjukuu_wa_Myeye (Sikonge)

Naomba nirefushe kidogo, kwa sababu naona mnatafuta jibu Paris na Roma, wakati sehemu yake iko hapa hapa Unyamwezi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa myeye, yaani mwanachama wa Buyeye, chama cha watu wa nyoka. Mtu hakuingia humo kwa kutaka tu. Alidhaminiwa, akala kiapo, akachanjwa dawa, kisha akafundishwa kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na maneno yake ambayo asiyeingia hakuyaelewa hata akiyasikia. Mafundisho mengine yalitolewa kwa picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba za kufundishia. Mwenye mashaka na hili ajue kwamba Hans Cory, aliyekuwa mwanasosiolojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima kuhusu picha hizo za ukutani. Nilipoziona mara ya kwanza katika kitabu hicho nilitetemeka, maana babu alikuwa amenichorea moja kwa kidole mchangani nikiwa na miaka saba, akaifuta kwa mguu na kusema kwamba sehemu iliyobaki nitaambiwa nikikua. Alifariki kabla.

Kwa hiyo mimi nikisoma habari za watu waliovaa majoho, wenye kiapo, ngazi na alama za ukutani, sianzi na swali la kama jambo hili linawezekana. Ninalijua linawezekana, limelala katika ukoo wangu. Wapo pia Waswezi, wenye mambo ya mizimu, ambao nao wana ya kwao ya kuingia na kufunga midomo. Msomaji wa hapa anaipokea riwaya hii akiwa ameshaamini nusu yake, na nusu hiyo ni ya kweli. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba siri ya Ulaya lazima ilikuwa ya kutawala dunia. Siri ya babu ilikuwa ya kumwokoa mtu aliyegongwa na swila.

#6 Mwalimu_Isevya

Shukrani kubwa, mjukuu wa mzee. Nitawasomea wanafunzi posti hii darasani, ukiniruhusu.

#7 Mjukuu_wa_Myeye

Ruhusa unayo, Mwalimu.

#8 Mvuvi_Msomaji (Kibirizi, Kigoma)

Hoja ya #5 ni tamu lakini inachechemea mguu mmoja. The Da Vinci Code kimeuzwa zaidi ya nakala milioni 80 duniani, na wengi wa wanunuzi hao hawajawahi kusikia neno Buyeye. Walioamini Ulaya na Marekani waliamini kwa sababu gani?

#9 Kalamu_ya_Ujiji (Ujiji)

Assalaam alaykum. Mvuvi ameuliza vizuri, nami nadhani jibu limo katika mafumbo yenyewe. Hapa Ujiji nimekulia jirani na mzee aliyejua hesabu ya abjadi: alifu ni moja, be ni mbili, jimu ni tatu, dali ni nne, na kuendelea hadi elfu. Mtu akija na jina lake na la mama yake, mzee alijumlisha na kumwambia siku ya kusafiri. Hata 786 mnayoiona juu ya milango ya maduka ni hesabu hiyo hiyo, jumla ya herufi za Bismillahi. Utotoni nilijumlisha jina langu mwenyewe mchangani, na jumla ilipotoka sawa na aliyoipata mzee nilijawa na furaha ambayo hakuna mhubiri angeweza kunipa. Tangu siku hiyo nisingekubali kuambiwa kwamba namba ile haina maana.

Ndivyo afanyavyo mwandishi huyu. Katika The Da Vinci Code kuna namba zilizoandikwa sakafuni karibu na maiti: 13, 3, 2, 21, 1, 1, 8, 5. Zipange upya na utapata 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, mfululizo wa Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Brown anatufumbia sote, kisha anatuachia dalili za kutosha ili tuligangue kurasa mbili kabla ya profesa wake. Neno ulilolifumbua mwenyewe unaliona ni mali yako, na mali yako huwezi kuiita uongo kirahisi.

Kwa wasionielewa, jaribuni hili, ambalo limefungwa kwa njia aliyoitumia Kaisari wa Roma, ya kusogeza kila herufi mbele kwa hatua sawa katika alfabeti ya herufi 26:

QLOHWHHQL PLJHEXND BD NLJRPD

#10 Binti_wa_Cheyo (Tabora)

Nimelifungua kabla chai haijapoa. Kiswahili hakifichiki kwa njia hiyo, kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote. Nilipoona maneno matatu yanaishia na D, nikajua D ni A, hatua ni tatu, na mengine yakajifungua yenyewe. Sitaandika jibu ili nisiwaharibie wengine, ila nasema tu kwamba Kalamu_ya_Ujiji anaishi hatua chache kutoka ziwani na ombi lake lingepaswa kutoka kwetu wa Tabora.

Mbinu hii ya kuhesabu herufi inayojirudia ina mwenyewe. Al-Kindi wa Baghdad aliieleza kwa maandishi katika karne ya 9, na ningependa riwaya hizi zimpe heshima anayostahili.

Nakiri pia kwamba nilipolipata jibu nilitaka sana liwe na maana kubwa kuliko samaki. Hapo nimeielewa hoja yako.

#11 Katekista_Kasulu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi huulizwa kila mwaka kama ni kweli, kama The Da Vinci Code inavyodai, kwamba Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipiga kura kuamua kama Yesu ni Mungu, na kwamba palepale Kaisari Konstantino wa Roma alichagua Injili za kubaki na za kuchomwa. Naomba niyaweke sawa kwa faida ya wasomaji.

Nisea ilikuwa mwaka 325. Shauri kubwa lilikuwa mafundisho ya Ario, aliyesema kwamba Mwana aliumbwa na kuna wakati hakuwapo. Waliobishana pande zote mbili walikuwa tayari wanamwabudu Kristo. Ubishi ulihusu usawa wake na Baba. Hesabu haikukaribiana hata kidogo, maana kati ya maaskofu wapatao mia mbili na zaidi, ni wawili tu waliokataa kutia sahihi hadi mwisho. Orodha ya vitabu vya Biblia haikuwa katika ajenda. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua tunaikuta katika barua ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367.

Kuhusu Injili zilizofichwa, maandiko ya Nag Hammadi yaligunduliwa Misri mwaka 1945 na yamo katika Kikoptiki. Ile Injili ya Filipo inayotajwa sana kuhusu Maria Magdalena, ambaye riwayani anaitwa mke wa Yesu, ina tundu kwenye karatasi pale hasa ambapo watu wanataka kujua Yesu alimbusu wapi. Mwandishi wa riwaya ameliziba tundu hilo kwa neno alilolitaka yeye.

Sababu yangu ya watu kuamini ni nyingine kabisa na zenu. Watu wana njaa ya kusikia habari za Kanisa la mwanzo, nasi hatuwasimulii. Waumini wangu wengi jina la Nisea walilikuta riwayani kwanza, na hilo linaniuma.

#12 Mwisho_wa_Reli

Katekista, nimejifunza zaidi katika posti yako moja kuliko katika treni nzima.

#13 Mwana_wa_Bukene (Nzega)

Mmezunguka sana bila kumtaja mtu wetu. Tukisema Freemason Afrika Mashariki, jina lililojulikana kuliko yote lilikuwa la Sir Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928 lakini alilelewa Bukene, kwenye reli ya kwenda Mwanza, mahali ambapo mimi nimezaliwa. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 2005, zina jina la Bukene kwenye jalada. Biashara ya familia yake ilitaifishwa mwaka 1967 na yeye akabaki kuisimamia kwa niaba ya serikali katika Shirika la Taifa la Usagaji. Aliwahi kuwa mkuu wa Freemason wa eneo letu, akalisema hadharani na kulijibia maswali. Alifariki mwaka 2017.

Sasa linganisheni na The Lost Symbol, ambamo Freemason wamezungushiwa siri na mafumbo. Chama ambacho mkuu wake anaandika kitabu na kuweka jina lake kwenye jalada kina siri za aina gani? Zipo ishara na maneno ya kutambuana, kama walivyokuwa nazo waashi wa zamani ambao bikari na skwea zao ndizo alama ya chama, na chama chenyewe kinahesabu kuanza kwa baraza lake kuu la kwanza London mwaka 1717. Mengi ya hayo yamekwisha kuchapishwa zamani.

#14 Jicho_la_Tatu (Urambo)

Kwa heshima zote, mkuu, hoja yako yaweza kugeuzwa. Chama chenye akili humtoa mbele mtu mmoja mwema na mkweli ili watu wamwone yeye na wasiangalie nyuma yake. Kujitokeza kwake kunathibitisha kwamba kuna kilichofichwa.

#15 Binti_wa_Cheyo

Ndugu wa Urambo, angejificha ungesema anaficha, na amejitokeza unasema anaficha. Nitajie basi jambo ambalo lingetokea ukasema hakuna siri. Kama halipo, hilo ni kama lile fumbo la Kaisari lingetoa jibu lilelile kwa hatua yoyote utakayosogeza.

#16 Jicho_la_Tatu

Swali la haki. Nitalifikiria kabla ya kujibu.

#17 Mtunza_Rafu

Wakati ndugu yetu anafikiria, nitoe mfano wa siri iliyokwisha kutoka. Illuminati wa kweli walipenda mafumbo kuliko hata riwaya inavyosema. Weishaupt alijiita Spartacus, mji wa Munich waliuita Athens, na Ingolstadt wakauita Eleusis. Mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, alipiga marufuku vyama vya siri mwaka 1784 na 1785, polisi wakapekua nyumba, na mwaka 1787 serikali yenyewe ikachapisha barua za chama ili kila mtu asome. Humo mna ugomvi wa madaraka na malalamiko ya mtu na mtu, kama kikundi chochote cha kusaidiana. Kilichokifufua ni vitabu vya waandishi wawili, Barruel na Robison, vya mwaka 1797, ambavyo viliwalaumu wao kwa Mapinduzi ya Ufaransa. Chama kiliishi takribani miaka kumi. Uvumi wake una miaka zaidi ya mia mbili.

#18 Mpita_Njia (Nzega)

Nyote mnaongea kama wasomaji, naomba niseme kama ndugu wa aliyeumia. Mdogo wangu alipokea ujumbe wa simu ukimkaribisha Freemason, kwamba atapata nyumba na gari akilipa ada ya fomu. Alilipa ya fomu, akalipa ya pete, akalipa ya kusafirisha pete, mpaka akauza mizinga yake ya nyuki yote, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Aliyempigia hakuwahi kumwona kwa macho. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba waliambiwa ukimwambia ndugu, utajiri unakimbia.

Hajawahi kusoma riwaya hata moja. Kwa hiyo Mwalimu akiung'oa ukurasa wake, Mwisho_wa_Reli akirefusha sura, bado mdogo wangu angelipa. Nadhani watu wanaamini kwa sababu wanaona jirani katajirika ghafla na hawana maelezo mengine ya jinsi fedha inavyopatikana. Riwaya imeyakuta hayo, haikuyaleta.

#19 Mwana_wa_Bukene

Pole sana, ndugu yangu. Kwa yeyote anayesoma: Freemason hawasajili watu kwa ujumbe wa simu.

#20 Wakili_Mgeni (Kigoma mjini)

Nimechelewa, naomba kuongeza mambo mawili kwa Mwalimu ili awe na la kumjibu kijana wake.

La kwanza, Priory of Sion iliwahi kuwapo kisheria, lakini ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard. Jina lilitokana na kilima kilicho jirani na makao yake, na Yerusalemu haihusiki. Hati zilizodai kwamba ni ya mwaka 1099, pamoja na orodha yenye jina la Leonardo, ziliwekwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris katika miaka ya 1960, na ni za kughushi.

La pili ni kesi iliyoamuliwa London mwezi Aprili 2006. Waandishi wawili kati ya watatu waliokuwa wameandika kitabu kuhusu nasaba ya Yesu mwaka 1982, na kukiita cha historia, walilishtaki shirika lililomchapisha Brown kwamba amechukua kiini cha kazi yao. Walishindwa. Mkazo wangu uko hapa: waliotuambia kwamba mambo haya yaligunduliwa ndio waliotaka yalindwe kama kazi ya ubunifu wao. Ukigundua kwamba mto unapita mahali fulani, humshtaki aliyeuchora baada yako. Hata jaji, Peter Smith, alishindwa kujizuia, akaficha fumbo lake ndani ya hukumu kwa kuandika herufi moja moja kwa mlazo (italiki), na wanasheria wakakesha kulifungua.

#21 Mvuvi_Msomaji

Na je, vile vioo 666 ambavyo riwaya inadai vimo katika piramidi ya makumbusho ya Louvre, Paris?

#22 Wakili_Mgeni

Ni 673 kwa hesabu ya makumbusho yenyewe.

#23 Mwalimu_Isevya

Nimesoma yote mara mbili. Leo jioni nimemwita kijana na kumpa hoja ya Wakili. Alisikiliza, kisha akaniuliza: kama ukurasa wa mwanzo umesema uongo kuhusu mwaka 1099, je, Mona Lisa nayo haipo Louvre? Nikamwambia ipo. Akauliza CERN je, ile maabara ya fizikia katika kitabu cha Illuminati ambayo antimata yake inatishia kulipua Vatikani? Nikamwambia ipo, karibu na Geneva, na hutengeneza kweli ile antimata, ila wanasayansi wake wanasema yote waliyowahi kuitengeneza ingewasha taa moja kwa dakika chache tu, sembuse kulipua Vatikani. Akasema: basi Mwalimu, atajuaje msomaji wa Tabora lipi ni lipi, ikiwa vyote viko mbali sawasawa?

Nimebadili msimamo kuhusu ukurasa ule. Sitaung'oa. Nimemwomba aandike pembeni kwa penseli, mstari kwa mstari, kile alichokihakiki na kile bado, na kitabu kitaazimwa hivyo hivyo na maandishi yake.

#24 Mjukuu_wa_Myeye

Mwalimu, kitabu hicho chenye penseli nakiomba mimi wa kwanza.

#25 Jicho_la_Tatu

Nimefikiria swali la #15 siku tatu. Sijalipata jibu, ila bado naona kuna kitu. Naomba kitabu baada ya mjukuu wa mzee.

#26 Kalamu_ya_Ujiji

Jina langu liwekwe la tatu. Na ombi langu la #9 hadi sasa limefunguliwa na mtu mmoja tu, naye hakulitimiza.

#27 Mwisho_wa_Reli

NHVKR NZD WUHQL